Kwa nini sikio si kipimo kizuri cha kelele

Tuseme mashine ya kusaga nafaka inatoa kelele ya desibeli 85 pale anaposimama msagaji. Mwenye mashine akileta ya pili inayolingana nayo na kuziwasha zote, kipimo hakitasoma 170. Kitasoma 88. Msagaji ataona kelele imezidi kidogo tu, kumbe nishati inayomwingia masikioni imekuwa maradufu, na muda anaoweza kukaa hapo bila kujidhuru umepungua kwa nusu.

Sauti huanza na mtetemo. Kitu kinachotetema huibana hewa na kuiachia, na wimbi hilo husafiri kiasi cha mita 343 kwa sekunde katika joto la nyuzi 20 za Selsiasi. Idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi, ndiyo huifanya sauti iwe nyembamba au nene. Nguvu ya msukumo ndiyo huifanya iwe kubwa au ndogo. Kijana mwenye masikio mazima husikia kuanzia hezi 20 hivi hadi 20,000.

Sauti inayokaribia kuumiza ina nishati kama mara trilioni moja ya ile hafifu kabisa tunayoweza kuisikia. Ili kuepuka tarakimu ndefu, wanasayansi hutumia desibeli: kila zikiongezeka 10, nishati huwa mara 10. Lakini kwa msikilizaji, ongezeko hilo huonekana kama sauti imekua mara mbili tu. Kelele ikipanda kutoka desibeli 80 hadi 100, sikio huhesabu mara nne, ilhali nishati imefika mara 100.

Mzigo huo hubebwa na sikio la ndani. Ngoma ya sikio hutikisa vifupa vitatu, navyo husukuma majimaji ndani ya koklea, mfereji mwembamba uliojiviringa kama gamba la konokono. Humo mna seli zenye vinyweleo, takriban 15,000 kwa kila sikio, zinazogeuza mtikisiko kuwa ishara za neva. Kwa binadamu, seli hizi zikifa hazioti tena.

Zinazopokea sauti nyembamba ziko mwanzoni mwa koklea, na kwa kawaida kelele huanza kuathiri usikivu wa sauti za hezi 3,000 hadi 6,000. Sauti za herufi kama s, f na th hutegemea sana masafa ya juu, na irabu hutegemea zaidi ya chini. Ndiyo maana mgonjwa hulalamika kwamba anasikia watu wakizungumza lakini maneno hayashiki vizuri, hasa penye watu wengi.

Shirika la Afya Duniani linashauri kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zikiongezeka 3, muda hukatwa nusu. Kwa desibeli 90 zinabaki saa 4 hivi, na kwa 100, kiwango kinachofikiwa kwa urahisi mbele ya spika za disko, dakika 20 tu kwa wiki nzima.

Hesabu hiyo hiyo inaweza kumsaidia mtu. Mahali pa wazi, ukihama kutoka mita 2 hadi mita 4 mbali na spika, kelele hupungua karibu desibeli 6, na muda salama huongezeka mara nne. Ndani ya ukumbi nafuu ni ndogo, kwa kuwa kuta hurudisha sauti. Kwa wanaotumia vipokea sauti vya masikioni, kushusha sauti kidogo tu huongeza muda kwa kiasi kikubwa.

Usipokuwa na kipimo, mwangalie mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja. Mkilazimika kupaza sauti ili msikilizane, huenda kelele imefika desibeli 85 au zaidi: vaeni vizibo vya masikio au ondokeni. Na masikio yakiendelea kuvuma hata baada ya kutoka kwenye kelele, muone daktari wa masikio, pua na koo.