Kuskani risiti hakutoshi, zipangiwe mahali pa kukaa

USIKU wa Julai 10, 2021, moto uliunguza soko kuu la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Januari 2022 ikawa zamu ya soko la Karume, katika jiji hilo hilo.

Soko linapoungua, hasara ya kwanza ni mzigo uliokuwa ndani. Hasara ya pili huja siku chache baadaye, pale mfanyabiashara anapoulizwa mzigo huo ulikuwa na thamani gani, aliununua wapi na nani wanamdai. Kama risiti na daftari la madeni vilikaa ndani ya duka, jibu nalo limeungua.

Kwa mkulima, moto ni adui mmoja tu. Kuna mchwa, panya na paa linalovuja. Hata risiti ya mashine ya EFD, inayoonekana imara, haichapwi kwa wino. Karatasi yake imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na maandishi yake hufifia kwa mwanga wa jua na kwa mafuta ya mikononi. Risiti ya mbolea iliyonunuliwa msimu huu inaweza kuwa karatasi tupu kabla ya msimu wa tatu.

Wakati huo huo, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi kutunza kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua mitano.

Kumbukumbu ni fedha

Mfanyabiashara mdogo asiyetunza kumbukumbu hulipa gharama ya uzembe huo. Katika viwango vya kodi ya makadirio vilivyoanza Julai 2019, mwenye mauzo ya kati ya Sh4 milioni na Sh7 milioni kwa mwaka alitakiwa kulipa Sh100,000 kama hana kumbukumbu. Mwenye kumbukumbu alilipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi Sh4 milioni.

Kwa hesabu hiyo, muuza pembejeo mwenye mauzo ya Sh5 milioni alilipa Sh30,000 tu kama vitabu vyake vilikuwa sawa. Tofauti ya Sh70,000 ilitokana na karatasi. Viwango hubadilika, hivyo ni vyema kuulizia vya mwaka husika katika ofisi ya TRA iliyo karibu.

Ndiyo maana wengi sasa wanapiga picha risiti zao kwa simu au kuziskani. Ni hatua nzuri, lakini hapo ndipo wengi hukwama. Picha ya risiti huingia kwenye simu pamoja na picha za harusi na za watoto. Nyingine hubaki kwenye barua pepe ya karani, nyingine kwenye flashi isiyojulikana iko mfukoni mwa nani. Siku ya ukaguzi, risiti ipo, lakini hakuna anayeweza kuitoa.

Dawa yake ni kupanga mahali pa kuhifadhi kabla ya kuskani karatasi ya kwanza.

Folda kwanza, skana baadaye

Mpango rahisi huanza na mwaka. Folda kubwa huitwa 2025, nyingine 2026. Ndani ya kila mwaka huwekwa folda tano: Mauzo, Manunuzi, Benki na Mikopo, Kodi na Leseni, Mikataba. Mwenye shughuli mbili, kwa mfano duka na shamba la alizeti, aanze na shughuli kisha mwaka, ili hesabu zisichanganyike.

Kila karatasi ipewe jina linaloanza na tarehe, mwaka ukitangulia: 2025-03-14 Mbolea Risiti 0457. Kwa mtindo huo kompyuta hujipanga yenyewe kuanzia ya zamani hadi ya karibuni. Jina kama "picha mpya 2" halimsaidii mtu.

Wasiwasi kwamba nyaraka hizo zitajaza kompyuta hauna msingi. Duka linalopata karatasi 20 kwa siku, kwa siku 300 za kazi, lina karatasi 6,000 kwa mwaka. Kila moja ikichukua nusu megabaiti, jumla ni gigabaiti 3. Miaka mitano ni gigabaiti 15, na flashi ya gigabaiti 32 huzimeza zote na nafasi ikabaki.

Nakala tatu, sehemu tofauti

Hata hivyo, flashi peke yake si ghala. Hupotea, huharibika na huambukizwa virusi. Kanuni inayotumiwa na watunza kumbukumbu ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae mbali na jengo la biashara.

Kwa mjasiriamali wa kawaida, nakala ya kwanza ni ya kompyuta au simu ya kazi. Ya pili ni diski ya nje inayojazwa kila wiki na kulala nyumbani, isibaki dukani. Ichomolewe kila kazi inapokwisha, kwani virusi vinavyofunga kompyuta hufunga pia diski iliyochomekwa.

Ya tatu ni ya intaneti. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, ingawa barua pepe na picha za akaunti hiyo hula nafasi hiyo hiyo. Akaunti isiyofunguliwa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, hivyo isiachwe ikalala. Kutuma risiti kama picha kwa WhatsApp si kuhifadhi, kwa kuwa picha hupunguzwa ubora na namba ndogo huenda zisisomeke.

Kwa vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, swali kubwa zaidi ni la umiliki. Akaunti iwe ya chama, si ya karani. Neno la siri liwe mikononi mwa viongozi wasiopungua wawili, na libadilishwe uongozi unapobadilika. La sivyo, karani akiondoka, kumbukumbu za mizani na malipo ya wanachama huondoka naye. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu kuzilinda. Vitambulisho na namba za akaunti za wanachama havina nafasi kwenye kundi la WhatsApp.

Nakala si mbadala wa kila kitu

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua kumbukumbu ya kielektroniki, na mahakama haiikatai kwa sababu tu haiko kwenye karatasi. Lakini uzito wake hupimwa kwa jinsi ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Mwenye folda zenye mpangilio na nakala zisizochezewa ana hoja kuliko mwenye picha zilizozagaa.

Pamoja na hayo, zipo karatasi ambazo asili yake haitupwi kamwe. Stakabadhi ya ghala ni mali yenyewe: mwenye stakabadhi halisi ndiye mwenye mzigo. Vivyo hivyo hati ya hakimiliki ya kimila, hati za ardhi na mikataba yenye saini. Hizi huskaniwa kwa tahadhari, kisha asili hufungiwa mahali pakavu, salama na mchwa.

Mwisho ni kujipima. Mara moja kwa mwezi, mwenye biashara achague risiti yoyote ya mwaka uliopita na kuitafuta katika diski iliyoko nyumbani. Ikipatikana ndani ya dakika mbili na ikasomeka, mpango unafanya kazi. Isipopatikana, ni heri kujua leo kuliko mbele ya mkaguzi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari siku hizi linaweza kukaa kwenye simu, mradi mwenyewe anajua liko folda gani, na nakala yake iko wapi.