Mtoto asiyekula yai, na wajibu wa wanaomlisha

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake.

Ijumaa moja, baada ya swala, baba mmoja kijana alinisubiri mlangoni mwa msikiti. Mwanawe wa miaka miwili ana mzio wa mayai, na daktari amelithibitisha hilo. Lakini bibi wa mtoto haamini. Husema kwamba yeye alilea watoto saba kwa mayai na hakuna aliyedhurika, na kwamba mkwewe anamdekeza mtoto. Siku ya Idi bibi akamtia mjukuu wake kipande cha kababu kinywani kwa siri. Hazikupita dakika nyingi, midomo ya mtoto ikavimba, akatapika, akaanza kukohoa na kuhema kwa taabu, nao wakamkimbiza hospitali. Alhamdulillah, aliwahiwa. Baba yule akaniuliza: "Sheikh, nikimkataza mama yangu kumlisha mjukuu wake, nitakuwa nimemuasi?"

Nilimjibu kwamba hatakuwa amemuasi, maadamu atasema naye kwa heshima na upole. Utiifu kwa mzazi una mpaka wake, na mpaka huo ni pale unapoingia katika kumdhuru mtu mwingine. Na katika Surat al-Baqara, aya ya 233, ambamo Mwenyezi Mungu anazungumzia kunyonyesha na kuachisha ziwa, tunafundishwa kuwa mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mwanawe, wala baba, na kwamba jambo la chakula cha mtoto mchanga lipitie katika kushauriana na kuridhiana. Kumlisha mtoto kwa siri, nyuma ya mgongo wa mama yake, kuko mbali na mashauriano hayo.

Wapo wanaouliza: yai ni halali, vipi leo likatazwe? Ndugu msomaji, uhalali wa chakula haumlazimishi kila mtu kukila. Imepokewa kwa Ibn Abbas (RA) kwamba Mtume (SAW) aliandaliwa nyama ya dhabb, aina ya mjusi mkubwa wa jangwani, nyumbani kwa Maymuna (RA), akauzuia mkono wake. Khalid bin Walid (RA) alipouliza kama ni haramu, Mtume akamjulisha kuwa si haramu, bali hakipatikani katika nchi ya watu wake na nafsi yake haikipendi. Khalid akala, na Mtume akimtazama. Ikiwa kutokupenda tu kunatosha kumfanya mtu aache chakula cha halali, na mwenzake akala bila kulaumiwa, seuze mwili unaovimba.

Na huu mzio ni nini? Ni kinga ya mwili kuikosea protini ya yai, hasa iliyomo katika ute mweupe, ikaidhania kuwa adui na kuishambulia. Kiini nacho si salama, kwa kuwa ni vigumu kukitenga kabisa na ute. Mara nyingi dalili hutokea ndani ya dakika chache hadi saa mbili: mabaka ya kuwasha, uvimbe wa midomo na macho, kutapika. Zile za hatari ni kupumua kwa shida, sauti kukauka, na mtoto kulegea au kuzimia. Hapo mtoto huhitaji sindano ya adrenalini bila kuchelewa. Sikanushi jicho la hasidi, kwani limethibiti katika hadithi. Lakini mtoto aliyevimba midomo baada ya kula kababu apelekwe hospitali kwanza, na kisomo asomewe humo humo njiani.

Tuje kwenye sufuria, maana huko ndiko akina mama wanakotaabika. Vyakula vyetu vya pwani vingi havina yai kwa asili yake. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, maharage, samaki wa kupaka, bokoboko, muhogo, viazi vitamu, ndizi, uji wa mtama na tende vinampa mtoto huyu mengi ya kula. Nyama ya kuku kwa kawaida haimdhuru mwenye mzio wa mayai, na protini aliyoikosa kwenye yai ataipata kwa dagaa, maziwa, nyama na kunde, ikiwa hana mzio navyo.

Tatizo ni yai lililojificha. Mandazi na vitumbua vya nyumba moja havina yai, vya jirani vinalo. Chapati, mkate wa ufuta na vileja ni hivyo hivyo. Mkate wa kumimina mara nyingi hutiwa ute. Katlesi huchovywa kwenye yai, kababu hushikanishwa kwalo, na baadhi ya watu hupaka yai kwenye ukingo wa sambusa. Urojo huwekwa yai la kuchemsha, na biriani pia katika baadhi ya nyumba. Kuliondoa yai juu ya sahani hakutoshi, kwa sababu limekwisha kugusa chakula. Muuza chipsi hutumia kikaango kile kile alichokaangia chipsi mayai.

Badala yake zipo, na hazina gharama kubwa. Kababu hushikana kwa kiazi kilichopondwa au unga wa dengu. Katlesi ichovye kwenye uji mzito wa unga wa ngano kabla ya chenga za mkate, na sambusa uifunge kwa uji huo huo. Keki ndogo hukubali ndizi mbivu iliyopondwa au mtindi badala ya yai, au kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa na kulowekwa kwa vijiko vitatu vya maji. Haitaumuka kama ile ya mayai sita, lakini mtoto hatajali.

Kwenye vyakula vya pakiti, sisi Waislamu tuna mazoea mema ya kusoma maandishi madogo tukitafuta mafuta ya nguruwe. Basi jicho hilo hilo litafute pia albumini, ambayo huweza kuwa ya yai. Lesithini, ambayo huweza kuwa ya yai au ya soya. Na namba E1105, kimeng'enya kinachotolewa katika ute wa yai. Mayonezi ni mayai. Na mayai ya kware, yaliyovuma sana Kenya miaka ya 2013 na 2014 kama dawa ya kila kitu, si badala ya yai la kuku kwa mtoto huyu, wala ya bata, kwani protini zake zinafanana.

Juu ya chanjo: mzio wa mayai si sababu ya kumnyima mtoto chanjo ya surua. Ya homa ya manjano ndiyo hutengenezwa ndani ya mayai ya kuku, kwa hiyo mwelezeni mganga kabla haijatolewa.

Anayealika watu ana amana. Akiulizwa na mama wa mtoto kilichomo chunguni, aseme kweli, na asipojua aseme hajui. Jabir (RA) amesimulia habari ya mtu aliyepasuka kichwa safarini, akapatwa na janaba, wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Mtume (SAW) alikasirika, akasema wao ndio waliomuua, na akawalaumu kwa kutouliza walipokuwa hawajui. Hadithi hii imo katika Sunan Abi Dawud, nami nilimsomea yule baba akaisome kwa mama yake.

Watoto wengi huachana na mzio huu wanapokua, wengine kabla hata ya kuanza shule. Baadhi hustahimili yai lililookwa sana ndani ya keki mapema kuliko yai la kuchemsha au kukaanga, kwa kuwa moto mwingi hubadili sehemu ya protini zake. Lakini jaribio hilo lifanywe kwa ushauri wa daktari aliye na dawa mkononi, lisifanywe jikoni. Bibi yule sasa anamwuliza mkwewe kila wiki kama siku ya kwenda kupima imefika. Kababu zake anazitengeneza kwa kiazi.

Wallahu a'alam.