Chupa Inayosahihisha Mashine

Meli ya utafiti Dr. Fridtjof Nansen, inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, imesheheni ala za gharama: za kusaka samaki kwa mwangwi, za kupima mikondo, za kuchora sakafu ya bahari. Hata hivyo, kwenye meli za aina hii mimi huziamini zaidi chupa za plastiki zinazofunguka juu na chini.

Aghalabu huwa 12 au 24, zimepangwa kwa duara kwenye fremu ya chuma. Humo mna vihisio vitatu vya msingi: cha joto, cha mgandamizo, na cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Winchi huishusha fremu kama mita 1 kwa sekunde, na vihisio huweza kusoma mara 24 katika sekunde hiyo. Kina hakipimwi kwa urefu wa waya, maana mkondo huusukuma upande. Hukokotolewa kutokana na mgandamizo, unaoongezeka takriban kwa uzito wa angahewa nzima kila mita 10. Chumvi nayo hukokotolewa. Maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme zaidi, lakini yenye joto vilevile, hivyo lazima joto lijulikane kwanza.

Fremu ikipanda, mtaalamu aliye kwenye kompyuta hufunga chupa moja moja katika vina alivyovichagua. Sitahani kuna foleni: maji ya kupimia oksijeni hutangulia kabla hewa haijayaharibu, ya chumvi hungoja. Oksijeni hupimwa kwa njia ya kemikali ya Winkler, ya mwaka 1888. Ndiyo, 1888, na bado inategemewa.

Taabu yote hii ya nini? Vihisio hupotoka polepole. Ute kidogo tu ukiganda ndani ya mrija wa kupimia umeme, chumvi itasomeka pungufu, na namba zitaendelea kumiminika zikiwa na desimali nne, bila dalili ya ugonjwa. Kwenye kina kirefu chumvi hubadilika kidogo mno, kwa hiyo kosa la ala huweza kudhaniwa kuwa badiliko la bahari yenyewe. Kosa hilo hugunduliwa kwa kulinganisha namba za vihisio na maji ya chupa.

Maji ya chupa nayo hulinganishwa na maji sanifu, yanayochotwa Atlantiki ya Kaskazini na kutayarishwa Uingereza. Zamani yalitayarishwa Copenhagen. Ukipewa data za safari, basi, tafuta kwanza jedwali la vipimo vya maji ya chupa. Likikosekana, joto unaweza kulitumia kwa tahadhari. Chumvi na oksijeni za vihisio ziweke kando.