Baba fundi, malipo yako yameandikwa wapi?

Katika ofisi za serikali jijini Dodoma, Nembo ya Taifa iko ukutani: bwana na bibi wameshika pembe za ndovu, katikati ngao yenye mwenge, jembe, shoka na mkuki. Watoto wanaijua tangu shule ya msingi. Waulize aliyeichora, hapo ndipo hata wazazi hukwama.

Mei 2017, Mzee Francis Maige Kanyasu, maarufu kama Ngosha, alionekana kwenye vyombo vya habari akiwa mgonjwa na maskini, katika chumba alichokuwa akiishi Buguruni, Dar es Salaam. Alisema yeye ndiye aliyeichora nembo hiyo. Alipelekwa Hospitali ya Amana, kisha Muhimbili, ambako alifariki mwezi huohuo akiwa na miaka 86. Wengine walimtaja mchoraji mwingine, na ubishi ukaendelea hata baada ya mazishi.

Karatasi moja ya malipo, yenye jina, kazi na sahihi ya kiongozi aliyelipa, ingeweza kumaliza ubishi wa namna hiyo.

Mfano upo Marekani. George Washington alikuwa na desturi ya kuandika hesabu zake kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1785 alianza kuandikiana na fundi wa mapambo ya plasta, John Rawlins wa Baltimore, kuhusu chumba kikubwa cha nyumba yake ya Mount Vernon. Maandishi yalihifadhiwa. Leo, zaidi ya miaka 200 baadaye, wageni wanaotazama dari lile lenye mapambo ya zana za kilimo hutajiwa jina la fundi.

Kwa familia za wachongaji, wachora vibao na mafundi wa mapambo wa Dodoma, hili si jambo la historia tu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 humlinda msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Haki hiyo inaweza kuwafaa watoto, lakini lazima kwanza ijulikane kazi ni ya nani.

Daftari la shule linatosha. Andika tarehe, kazi, kiasi na jina la mteja, kisha wote wawili mtie sahihi. Piga picha ya kazi. Ujumbe wa malipo ya simu usiufute. Na mwonyeshe mama watoto daftari linapokaa. Siku ya ugonjwa, huenda fundi mwenyewe asiweze kueleza.