Saa 3,000 za uanagenzi kabla ya leseni ya mwanasaikolojia

Agosti 1969, mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley alimweleza mwanasaikolojia wake kwamba anakusudia kumuua msichana aliyemkataa. Mwanasaikolojia aliwaarifu polisi wa chuo. Wakamshika mwanafunzi huyo, wakamhoji, wakamwona ana akili timamu, wakamwachia. Msichana mwenyewe, Tatiana Tarasoff, hakuambiwa kitu, wala wazazi wake. Tarehe 27 Oktoba aliuawa. Wazazi walikwenda mahakamani, na mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya California ikatamka kwamba mtaalamu anayejua mgonjwa wake ni hatari kwa mtu fulani ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda mtu huyo, hata ikibidi siri itoke.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwa mgonjwa wa nafsi, kata hiyo ni mtu mgeni anayeketi mbele yake, anayesikia yale ambayo mama na mume hawajawahi kuyasikia. Siku moja huenda akalazimika kuamua, kwa dakika chache, lipi abaki nalo moyoni na lipi alitoe. Kijana anayeuliza asome nini ili awe mwanasaikolojia anapaswa kwanza kulitazama jukumu hilo, kwa kuwa masharti yote ya leseni yamejengwa kulizunguka.

Marekani, leseni hutolewa na kila jimbo kwa sheria yake. Connecticut ilitangulia mwaka 1945, na Missouri ikafunga mlango mwaka 1977. Katika miaka hiyo 32 iliwezekana mtu kuzuiwa asijiite mwanasaikolojia jimbo hili, akavuka mpaka na kufungua ofisi jimbo jirani. Leo kila jimbo lina bodi yake. Nitaeleza utaratibu wa California, kwa kuwa umeandikwa kinaganaga na unaonyesha vizuri kinachotafutwa.

Shahada ya kwanza ya saikolojia haitoshi. Ya uzamili nayo haitoshi, ingawa majimbo machache, kama West Virginia, huikubali. California hutaka shahada ya uzamivu, ama PhD, ambayo kwa kawaida huegemea utafiti, ama PsyD, inayoegemea zaidi kazi ya kuhudumia watu. Hii ni miaka mingi ya darasani, na wengi hudhani safari inaishia hapo. Kwa maoni yangu, sehemu inayomfanya mtu awe mwanasaikolojia ndiyo kwanza inakolea.

Sheria inadai saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi mwenye leseni, na angalau 1,500 kati yake zifanyike baada ya kuhitimu uzamivu. Kwa wiki moja hazihesabiwi zaidi ya saa 44, kwa hiyo hata mtu asiyepumzika hawezi kuzimaliza chini ya wiki 68. Msimamizi naye hawezi kuwa jina tu kwenye fomu. Muda wa usimamizi lazima ufikie asilimia kumi ya saa zilizofanywa wiki hiyo, na ndani yake iwemo angalau saa moja ya msimamizi na mwanagenzi kukaa peke yao, ana kwa ana.

Saa hiyo moja ndiyo roho ya mafunzo yote. Fundi seremala hamkabidhi mwanagenzi randa na kumwacha na mbao za mteja. Husimama karibu, akatazama mkono. Ndivyo ilivyo hapa. Mwanafunzi anaeleza kwamba jana mama mmoja alilia nusu saa, naye akakimbilia kumpa ushauri. Msimamizi anamuuliza: ulikuwa unamsaidia yeye, au ulikuwa unakimbia kilio chake? Hakuna kitabu kinachoweza kukuuliza swali hilo, maana kitabu hakikuoni. Ninaposikia watu wakilalamika kwamba saa 3,000 ni urasimu, huwafikiria wagonjwa ambao wangekuwa ubao wa kujifunzia bila fundi kuwepo.

Mitihani ni miwili. Wa kwanza, EPPP, hutumiwa Marekani na Kanada: maswali 225 kwa saa nne na robo, 175 yakihesabiwa na 50 yakiwa ya majaribio, bila mtahiniwa kujua yapi ni yapi. Wa pili ni wa sheria na maadili ya California, na humo ndimo wajibu uliozaliwa na kesi ya Tarasoff unamokutana na kila mtahiniwa. Bodi huchukua pia alama za vidole ili kukagua rekodi ya jinai. Tangu Januari 2020, mwombaji sharti athibitishe saa sita za mafunzo au uzoefu wa kupima hatari ya mtu kujiua na namna ya kumsaidia. Ajabu ni kwamba sharti hilo lilichelewa kiasi hicho. Leseni ikishapatikana huhuishwa kila baada ya miaka miwili, kwa saa 36 za kujiendeleza.

Jambo moja huwachanganya wengi: mwanasaikolojia si daktari wa magonjwa ya akili. Huyu wa pili amesomea udaktari na huandika dawa. Mwanasaikolojia hupima, hutambua tatizo na hutibu kwa mazungumzo na mbinu za kubadili fikra na tabia. Katika majimbo mengi haruhusiwi kuandika dawa. New Mexico ilikuwa jimbo la kwanza, mwaka 2002, kuwaruhusu waliopata mafunzo ya ziada.

Kwetu Afrika Mashariki, Kenya ilitunga Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia mwaka 2014, na ndani yake ikaweka bodi ya kuwasajili. Msomaji mwenye shahada ya Nairobi au Dar es Salaam anayetaka kufanya kazi California ajue kwamba vyeti vyake vitapelekwa kwanza kwa taasisi inayotambuliwa ili vipimwe. Akiwa na uzamili pekee, anaweza kuanza kwa kuulizia leseni ya tiba ya ndoa na familia, ambayo ni leseni nyingine yenye bodi nyingine. Watu kama yeye, wanaozungumza Kiswahili, wanahitajika mno. Mkimbizi wa Kongo aliyehamia Marekani mara nyingi husimulia aliyoyapitia kupitia mkalimani, na wakati mwingine mkalimani huyo ni jirani yake.

Kwa anayetafuta msaada, bodi ya California huruhusu mtu yeyote kukagua leseni kwenye tovuti yake bila malipo. Andika jina la mtaalamu, utaona kama leseni ni hai na kama amewahi kuadhibiwa. Fanya hivyo kabla ya miadi ya kwanza.