Mahali Inapokwama

Sikukuu ya Idi iliyopita, bibi mmoja wa Tanga aliketi ukumbini na boksi la viatu mapajani. Ndani hamkuwa na viatu. Mlikuwa na CD thelathini na kitu, nyingi za taarab, baadhi zimefungwa kwa mpira wa kufungia noti. Deki iliyokuwa ikizipiga ilikufa siku nyingi. Fundi aliifungua, akatikisa kichwa, akairudisha ikiwa pungufu ya skrubu mbili. Bibi akawatazama wajukuu zake waliokuwa wameinamia laptopu.

"Na hiyo kompyuta yenu haiimbi?"

Wakaigeuza upande huu na upande huu wakitafuta mahali pa kutia CD. Hapakuwepo. Ndipo wakaniita mimi, mjomba wao. Nami nawasimulia ninyi yaliyotukuta, kwa sababu sina shaka hata kwenu kuna boksi kama lile juu ya kabati.

Tulinunua draivu ya CD ya nje, ile ya kuchomeka kwenye USB. Nikaichomeka kwenye kigawanyo ambacho tayari kilikuwa kimebeba mausi na flashi mbili. CD ikazunguka kidogo, ikalia kwi, kwi, ikanyamaza. Mjukuu mdogo akatangaza msiba. Kumbe CD haikufa. Draivu ilikuwa na njaa. Tundu la USB 2.0 hutoa umeme wa miliampea 500 basi, na mota inapoanza kuzungusha CD huhitaji mwingi kwa mpigo. Mimi nilikuwa nimeugawa umeme huo mara nne! Tukaichomeka moja kwa moja kwenye laptopu, ikaamka. Draivu nyingine huja na waya wenye vichwa viwili, na kichwa cha pili si pambo: ni cha kuongezea umeme.

Kompyuta ikaonyesha mafaili kumi yenye mkia wa .cda. Mjukuu mkubwa, ambaye hana subira, akayakopi yote kwenye flashi kabla sijamaliza kukohoa, akakimbilia kwenye redio ya jirani. Akarudi ameinamisha kichwa. Kimya kitupu.

Tukayatazama yale mafaili vizuri. Kila moja lilikuwa na baiti 44. Sentensi hii unayoisoma sasa ni kubwa kuliko hilo! Faili la .cda si wimbo. Ni kibao cha njiani kinachosema, "Wimbo wa tatu unaanzia pale." Ukikiondoa kibao ukakipeleka mji mwingine, hujauhamisha mji.

CD ya muziki ilitoka madukani Japani mwaka 1982, kazi ya Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani, na ilitengenezwa kwa ajili ya deki. Kompyuta haikuwa kwenye hesabu. Kwa hiyo ndani yake hamna mafaili, mna mstari mmoja tu wa alama, unaozunguka kama ukili wa mkeka wa duara. Unaanzia karibu na tundu la katikati na kuelekea ukingoni, kinyume cha santuri za babu zenu. Ukiunyoosha mstari huo, unapita kilometa 5. Umebanwa hivi kwamba mizunguko kama 40 inaenea ndani ya unene wa unywele.

Alama hizo ni namba. Sauti ni mtikisiko wa hewa, na waliorekodi waliupima mtikisiko huo mara 44,100 katika kila sekunde, kwa spika ya kushoto na ya kulia. Kwa nini mara nyingi hivyo? Sikio la binadamu husikia mitikisiko hadi 20,000 hivi kwa sekunde, na ili kuushika mtikisiko lazima uupime zaidi ya mara mbili: unapopanda na unaposhuka. Dakika moja ya wimbo hufikia megabaiti 10.

Kompyuta za zamani hazikujishughulisha na namba hizo. Draivu yenyewe ilipiga muziki na kuupitisha kwenye kiwaya chembamba hadi kwenye kadi ya sauti. Nyingine zilikuwa na tundu la hedifoni usoni kabisa. Kompyuta ilisikiliza tu, kama mpita njia. Siku hizi kiwaya hicho hakipo. Kompyuta lazima isome namba yenyewe, na kama tunataka kuutoa wimbo, iziandike upya ziwe faili.

Programu za kazi hiyo zipo na ni za bure. Sisi tulitumia Exact Audio Copy kwa sababu ina wasiwasi, na mimi napenda programu yenye wasiwasi: ikitilia shaka sehemu, huisoma tena na tena na kulinganisha majibu. Nyimbo tulizihifadhi kwa mtindo wa FLAC, ambao huchukua kama nusu ya nafasi bila kutupa namba hata moja. Kwa ajili ya redio ya jirani tukatengeneza nakala za MP3. Hizo ni ndogo sana, lakini hutupa sehemu za sauti ambazo sikio haligundui zikikosekana.

Kisha likaja suala la majina. Kompyuta iliziita nyimbo "Track 01", "Track 02". CD nyingi hazibebi majina ya nyimbo. Programu hupima urefu wa kila wimbo, kisha huenda kuuliza kwenye hazina kama MusicBrainz: kuna mtu anayeijua CD yenye vipimo hivi? CD zilizochomwa kibandani, zile zilizoandikwa "MCHANGANYIKO" kwa kalamu, hazikujulikana na mtu. Hapo bibi akawa ndiye hazina. Alisikiliza vinanda vikianza tu, akataja wimbo, mwimbaji, na harusi ya nani ulipigwa. Mjukuu akachapa, vidole vikimwelemea. Tatu kati ya CD hizo hazikusomeka kabisa. CD ya kuchomwa hubeba alama zake kwenye rangi, na rangi hufifia ikikaa juani. Hizo zilikaa dirishani miaka.

Iliyobaki ni ile aliyoipenda kuliko zote, yenye sauti ya Shakila, aliyeimba na vikundi vya taarab vya Black Star na Lucky Star vya hapahapa Tanga. Ilikuwa na mikwaruzo, na kwenye wimbo wa pili ilikuwa inakwama.

Mikwaruzo ya upande unaong'aa haiogopeshi sana. Nikikupa namba 7, 4 na 9, nikakwambia jumla ni 20, kisha mtu akaifuta ile 4, utaipata mwenyewe. CD imejaa jumla za namna hiyo. Tena namba za wimbo hazikupangwa kwa kufuatana. Zimesukwa, zikatawanywa, ili mkwaruzo uondoe kidogo hapa na kidogo pale. Ndiyo sababu unaifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, ukinyoosha mkono. Ukifuta kwa kuzungusha na ukaikwaruza, mkwaruzo unafuata mstari uleule na kula namba zilizo jirani. Upande wa kuogopa ni wa juu, wenye picha, maana ganda linalorudisha mwanga wa leza limo chini ya rangi tu. Likibanduka, hakuna jumla itakayokuokoa.

Tukaifuta. Programu ikaanza wimbo wa pili, ikafika mahali pale, ikasimama. Ikarudia. Tukanywa chai. Karibu nusu saa baadaye ikasema imemaliza, bila kosa.

Tukampigia bibi wimbo huo. Akafumba macho, akawa anaimba pamoja. Pale pa zamani alipofika alilirudia neno mara tatu, kama deki ilivyomzoesha kwa miaka yote ile, na Shakila akaendelea na safari, akamwacha nyuma. Watoto wakaangua kicheko.

"Hapa hukwama," bibi akasema, kama mtu aliyeibiwa kitu. "Rudisheni nyuma."

Wakarudisha. Mara hii wote wakalirudia neno mara tatu pamoja naye, kisha wakakimbilia kumfikia Shakila kwenye ubeti unaofuata.