Je, Wajua? Mapacha Katika Faili la Hospitali

Je, wajua kwamba msimbo wa mimba ya mapacha nchini Marekani haujali kama watoto watafanana? Tangu tarehe 1 Oktoba 2015, hospitali za huko hutumia ICD-10-CM, yaani misimbo ya magonjwa na hali za kiafya, na kwa mapacha swali ni moja: makondo ya nyuma mangapi, chupa za maji ngapi? Makondo mawili na chupa mbili ni O30.04. Kondo moja na chupa mbili ni O30.03. Kondo moja na chupa moja ni O30.01, na hapo daktari hakai akatulia, kwa sababu kamba za vitovu vya watoto zinaweza kusokotana.

Kufanana hakusaidii kitu. Takriban theluthi moja ya mapacha wa yai moja, wale wanaofanana, huwa kila mmoja na kondo lake.

Wakati mzuri wa kuhesabu ni wiki ya 11 hadi ya 14. Kwenye altrasaundi, mpimaji hutazama pale utando unaowatenganisha watoto unapokutana na kondo. Ukiwa mnene na kuchongoka kama herufi λ, makondo ni mawili, hata kama yamegandana yakaonekana moja. Ukiwa mwembamba na kusimama wima kama T, kondo ni moja. Mimba ikishakua, alama hiyo hufifia. Basi daktari akiandika “mapacha” tu, karani wa misimbo hana ruhusa ya kukisia kwa kuangalia picha; atamuuliza daktari, la sivyo ataishia O30.00, yaani haikutajwa.

Je, wajua kwamba mtoto aliye tumboni ana tarakimu yake? O36.5932 humaanisha mama anahudumiwa kwa sababu mtoto hakui vizuri: 3 ya pili ni miezi mitatu ya mwisho, na 2 ni pacha wa pili. Bila hiyo 2, msomaji wa faili hajui anayedumaa ni Kulwa, pacha wa kwanza, au Doto, wa pili.

Wakizaliwa wote hai, faili la mama hupata Z37.2, na kila mtoto hufunguliwa faili lake. La ajabu ni hili: Kulwa akitoka kwa njia ya kawaida, kisha Doto akakwama hadi mama apasuliwe, Kulwa huandikiwa Z38.30 na Doto Z38.31.